Nilimwambia "Utazoea"

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita mbele ya vikundi vya vikoba hapa Muheza. Nimeiandika kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokuwa msibani na waliokuwa shambani siku ile. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Akina mama, hamjambo? Akina baba mliokaa nyuma karibu na mlango, wakubwa zangu shikamooni, na vijana hamjambo. Sogeeni mbele. Maneno haya ni yenu pia.

Niliombwa nizungumzie "madhara ya uzazi wa mpango". Mwenyekiti anisamehe, mada nimeipanua. Nitazungumza habari ya homoni zinazotengenezwa viwandani: zilizomo kwenye sindano, kwenye vijiti vya chini ya ngozi ya mkono, kwenye vidonge, na zile anazopewa mama aliyekoma hedhi. Zikiingia mwilini zinafanya nini? Zinasaidia wapi, zinaumiza wapi? Nitasema yote mawili.

Lakini kwanza nina deni, na deni hilo nalilipia hapa mbele yenu.

Miaka zaidi ya 15 iliyopita, kwenye kituo cha afya nilichokuwa nafanya kazi, alikuja mama mmoja mwenye watoto wanne. Nilimwekea vijiti mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Baada ya miezi miwili akarudi. Hakuanza kwa maneno. Alifungua mfuko wa rambo, akatoa kanga, akaikunjua juu ya meza yangu. Ilikuwa imefuliwa, tena imefuliwa sana, lakini madoa yalikuwa yamegoma kutoka. Yale ya zamani yamegeuka kahawia, mapya bado yana wekundu pembeni. Kisha akatoa daftari la mtoto wake wa shule. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amechora mistari kwa penseli, kila siku ya damu mstari mmoja. Mistari 23. Akasema, "Sista, hii ni mwezi huu peke yake."

Nilitazama kanga. Nikatazama foleni mlangoni. Nikamwambia neno moja: "Utazoea."

Hakurudi tena kwangu. Alikwenda kuvitoa kwingine. Siku nilipomwona tena ilikuwa wodi ya wazazi, mimba ya tano, wingi wa damu 6, yaani damu pungufu sana. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu. Aliponiona aligeuzia uso wake ukutani.

Nawauliza, nani alikosea? Vijiti? Vijiti vilifanya kile vinachofanya. Mwili wake? Mwili wake ulijibu kama miili ya wanawake wengi inavyojibu. Niliyekosea ni mimi, kwa sababu nilikuwa najua kwamba damu ya matone kwenye miezi ya kwanza ya vijiti ni jambo la kawaida, na sikumwambia kabla ya kumwekea. Na alipokuja na kanga yake, nilikuwa najua pia kuna dawa za kupunguza, hata ibuprofeni ya siku tano tu huwasaidia wengi, na sikumpa. Nilimpa neno.

Sasa tuingie ndani.

Mnakumbuka mbiu ya mgambo? Ikilia haichagui nyumba. Inapita kijiji kizima, na kila mwenye jambo nayo anatoka nje. Homoni ndiyo mbiu ya mwili. Tezi inapiga mbiu kwenye damu, damu inafika kila mahali, na kila kiungo chenye sikio la mbiu ile kinaitika. Je, ni kiungo gani chenye sikio la estrojeni, homoni ya kike? Mji wa mimba, ndiyo. Lakini pia matiti. Pia mifupa. Pia ini, ngozi, mishipa ya damu, ubongo. Projesteroni, homoni ya kike ya pili, nayo vivyo hivyo ina masikio yake mengi.

Kwa hiyo mama akija akasema, "tangu nianze sindano kichwa kinauma, matiti yanajaa, hamu ya kula imezidi," asiwepo mtu wa kumjibu kwamba sindano ni ya kizazi, kichwa kinahusikaje. Kinahusika! Mbiu haikupigwa kwenye kizazi peke yake.

Homoni ya kiwandani inazuiaje mimba? Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ukubwa wa harage, pituitari. Kila mwezi tezi hiyo hutuma amri yai lipevuke. Ukiingiza projestini, yaani projesteroni ya kutengenezwa, tezi inasikia mbiu na kudhani kazi ya mwezi huu imeshafanyika. Amri haitumwi. Zaidi ya hapo, ute wa shingo ya kizazi unakuwa mzito, mbegu za mwanamume hazipiti. Na utando wa ndani ya mji wa mimba unabaki mwembamba.

Huo utando naomba tukae nao kidogo, maana hapo ndipo swali ninaloulizwa kuliko maswali yote. Damu inakwenda wapi? Mwanamke anachoma sindano ya miezi mitatu, baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao hedhi inakata kabisa. Mama mkwe anamtazama, shoga zake wanamwambia damu chafu inajaa tumboni, itageuka uvimbe. Anaogopa, anaacha.

Mama zangu, hedhi ni nini? Ni kitanda. Kila mwezi estrojeni inatandika kitanda ndani ya mji wa mimba kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipokuja, homoni zinashuka, kitanda kinatanduliwa, damu inatoka. Ukiwa kwenye sindano, kitanda hakikutandikwa. Sasa kama hakikutandikwa, kitatanduliwa nini? Hakuna damu iliyojificha. Hakuna!

Tena tazameni hii pakiti ya vidonge niliyoshika. Vidonge 21 vyeupe, ndani yake mna estrojeni na projestini. Hivi saba vya kahawia vya mwisho, mna nini? Madini ya chuma, basi, homoni hamna. Ukivifikia hivi saba, homoni inashuka, utando mwembamba unatoka, unaona damu kidogo. Ndiyo maana dada anayeruka vya kahawia akanywa vyeupe mfululizo haoni damu, wala hajajidhuru.

Matone nayo yana uzito wake, hasa huku kwetu pwani. Mhudumu anayafanya suala la pedi. Kwa mama wa Kiislamu ni suala la sala na saumu. Nimekuwa na mama aliyeniambia Ramadhani nzima hakujua afunge au asifunge, kwa sababu leo damu ipo, kesho haipo, keshokutwa ipo. Alikuwa analia. Dada zangu, hedhi ina hukumu yake na istihadha, damu isiyo ya hedhi, ina hukumu yake, mwulizeni mwalimu wenu wa dini bila haya. Na sisi wahudumu tuseme mapema: mama, njia hii inaweza kukuletea matone yasiyo na ratiba, je, kwa ibada yako utaimudu? Akisema hapana, kuna njia nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe, ingawa chenyewe huweza kuongeza damu ya hedhi na maumivu yake.

Mtaniuliza, kwa nini tusitumie projesteroni ile ile aliyoiumba Mungu? Kwa nini ya kiwandani? Jibu liko kwenye ini, na liko kwenye kiazi kikuu.

Kila unachokimeza kinapita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ni forodha. Ni kama pale Horohoro, mpakani na Kenya, mzigo hauingii Tanga kabla ya kukaguliwa. Projesteroni ya asili ukiimeza, forodha inaivunja karibu yote, kinachopita ni kidogo mno. Wanakemia walihangaika na hilo miaka mingi. Miaka ya 1940 Mmarekani Russell Marker alikwenda Meksiko, akachimba aina ya kiazi kikuu cha porini, akapata ndani yake kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa projesteroni. Mwaka 1951, katika mji wa Meksiko, Luis Miramontes, Carl Djerassi na George Rosenkranz wakatengeneza norethisteroni, inayofanana na projesteroni lakini imebadilishwa kidogo ili ipite forodha ikiwa nzima. Hilo badiliko dogo ndilo lililozaa kidonge. Na hilo hilo ndilo linalofanya homoni ya kiwandani isifanane kila kitu na ya asili, maana umbo likibadilika, wakati mwingine hugusa hata masikio ambayo si yake. Baadhi ya projestini huamsha kidogo masikio ya homoni za kiume, ndipo unamwona binti na chunusi ambazo hakuwa nazo.

Mwaka 1956 kidonge kilipelekwa kujaribiwa kwa wanawake maskini wa Puerto Rico. Dozi ilikuwa kubwa. Kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1960 kilikuwa na estrojeni mikrogramu 150, wakati cha leo kwa kawaida kina 30. Daktari aliyesimamia wanawake wale, mwanamke mwenyewe, Edris Rice-Wray, aliandika kwamba dawa inazuia mimba, ila wanawake 17 kati ya kila 100 wanapata kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, na kwamba hayo ni mengi mno kukubalika. Wakubwa wa utafiti wakajibu nini? Wakasema mengi yanatoka akilini mwa wanawake wenyewe. Wanawake watatu walifariki wakati wa majaribio, na hawakufanyiwa uchunguzi wa maiti kujua kilichowaua.

Niliposoma habari hiyo niliona kanga ile juu ya meza yangu.

Januari 1970, Baraza la Seneti la Marekani liliitisha vikao kuchunguza usalama wa kidonge. Walioitwa kutoa ushahidi ni madaktari na wataalamu. Wanawake wanaokimeza hawakuitwa. Wakasimama katikati ya ukumbi wakapaza sauti, kwa nini hakuna mwanamke mtumiaji hata mmoja mezani? Baada ya vikao vile ikaamriwa pakiti iwekewe maelezo ya hatari kwa ajili ya mtumiaji mwenyewe. Hiki kikaratasi chembamba tunachokitupa tukifungua pakiti, kuna wanawake waliotolewa ukumbini kwa ajili yake.

Turudi kwetu. Sindano ya miezi mitatu, miligramu 150 za projestini kwenye msuli. Inafanya kazi vizuri na ni siri ya mwanamke, ndiyo maana inapendwa. Ila ikishachomwa haitolewi. Kijiti kinachomolewa, kidonge kinaachwa, sindano inasubiriwa iishe yenyewe. Na yai huchelewa kurudi: kwa wastani miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho mpaka mimba kuingia, na wengine inapita mwaka.

Binti mmoja aliacha sindano akitaka mtoto wa kwanza kwa mume mpya. Mwezi wa nane tangu achomwe, ndugu wa mume wamekaa kikao, mwanamke huyu ameharibiwa kizazi, arudishwe kwao. Mume alikuja naye kwangu, amekaa kiti cha pembeni, kofia mkononi, hasemi. Niliwaeleza habari ya miezi 10. Yule kijana akainua kichwa akaniuliza, "Kwa hiyo hajaharibika?" Hajaharibika, baba. Dawa bado inaaga. Mtoto alipatikana, leo yuko chekechea. Lakini ndoa ile ilitaka kuvunjika kwa sababu ya sentensi moja ambayo mtu fulani hakuisema siku ya sindano ya kwanza. Kama unapanga mtoto mwakani, mwambie mhudumu mapema, kuna njia zinazorudisha uwezo wa kuzaa haraka.

Sindano hiyo pia hupunguza uimara wa mifupa kwa muda unaoitumia, na kwa wengi hali hurudi ikiachwa. Wengine huongezeka uzito. Haya nayo yasemwe.

Sasa presha na damu kuganda. Hapa nisikilizeni sana, hasa wanaonunua vidonge duka la dawa bila kupimwa. Estrojeni unayoimeza, ikipita pale forodhani, inaamrisha ini litengeneze zaidi vitu vya kugandisha damu. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni, kwa mwaka kama 2 hupata damu kuganda kwenye mishipa ya ndani. Kwa wanaomeza vidonge kama hivi nilivyoshika, ni 5 hadi 7. Ni wengi? Ni wachache sana, na mimba yenyewe pamoja na wiki za baada ya kujifungua zina hatari kubwa zaidi ya hiyo. Lakini aliye miongoni mwao ni mtu mzima kamili. Kama presha yako ni 140 kwa 90 au zaidi, kama unavuta sigara na umepita miaka 35, kama una kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, kama umejifungua wiki chache zilizopita, vidonge hivi vyenye estrojeni si vyako. Vipo vyenye projestini tupu. Na ukiwa unavitumia, mguu mmoja ukavimba na kuuma, kifua kikabana ghafla, pumzi ikakata, usinywe panadol ukalala. Nenda hospitali, na useme, "Natumia vidonge vya uzazi wa mpango." Sema hivyo kabla hujaulizwa.

Upande wa pili wa mizani, vidonge hivyo hivyo hupunguza saratani ya ovari na ya mji wa mimba, na kinga hiyo hudumu miaka baada ya kuviacha. Saratani ya titi huongezeka kidogo wakati wa kuvitumia. Na kifo cha uzazi tunakijua wote humu ndani, hakuna ukoo ambao hakijapita.

Forodha ina jambo jingine moja. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, ni kama kuongeza askari pale Horohoro. Ini linachangamka, homoni inakamatwa na kuvunjwa haraka, mimba inaingia. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini ni hivyo hivyo. Na ilionekana Uganda, kati ya wanawake 20 waliokuwa na vijiti huku wakimeza efavirenzi ya kufubaza virusi vya UKIMWI, 3 walishika mimba kabla ya mwaka kuisha. Dolutegraviri inayotumika sasa haina shida hiyo. Lakini niambieni, ni mara ngapi dirisha la TB na dirisha la uzazi wa mpango huzungumza? Basi wewe ndiye mjumbe. Beba kadi zako zote mbili.

P2 nitaipita haraka. Ni kidonge cha dharura cha baada ya tendo, projestini ya dozi kubwa ya mara moja, inachelewesha yai, haitoi mimba iliyokwisha kuingia, na haiharibu kizazi. Ila binti anayeimeza kila wiki, hedhi yake itavurugika, na njia ya kawaida ya uzazi wa mpango ingemlinda zaidi. Mabinti, njooni tuzungumze, sitamwambia mama yako.

Nimalizie na wakubwa zangu, maana hawa wamesahauliwa. Mwalimu mmoja wa miaka 49 alitibiwa malaria mara tatu kwa mwaka, na vipimo vyote havikuona kitu. Joto la ghafla usiku, shuka limelowa, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna. Jirani akamwambia ametupiwa. Alikuwa amekoma hedhi, basi. Estrojeni imeshuka, na kila kiungo kilichozoea mbiu ile kinaisikiliza hakiisikii. Ubongo unakosea kupima joto. Mifupa inapungua. Uke unakauka, tendo la ndoa linauma, na mama anaona aibu kusema hata kwa mumewe.

Kuna tiba ya kurudisha homoni. Kwa nini wengi hawajaisikia, na walioisikia wanaiogopa? Kwa sababu ya Julai 2002. Marekani walikuwa na utafiti mkubwa, wanawake 16,608, nusu yao wakimeza estrojeni iliyotoka kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba, pamoja na medroksiprojesteroni, homoni ile ile ya sindano yetu. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Magazeti yakaandika saratani ya titi imeongezeka asilimia 26. Dunia nzima wanawake wakatupa dawa. Hiyo asilimia 26 ni watu wangapi? Kutoka wanawake 30 kati ya 10,000 kwa mwaka, mpaka 38. Wanane. Ni kweli, na wanane ni watu. Lakini waliovunjika nyonga walipungua watano. Na wastani wa umri wa waliofanyiwa utafiti ulikuwa miaka 63, wengi wameshakoma hedhi zamani. Leo inajulikana kwamba mama aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye hana saratani ya titi wala historia ya damu kuganda, mara nyingi faida yake inazidi hatari. Ikitolewa kwa kubandikwa kwenye ngozi haipiti forodhani kwanza, na hatari ya damu kuganda haionekani kuongezeka. Mwenye mji wa mimba lazima apewe na projestojeni, yaani projesteroni au projestini, kwani estrojeni peke yake hutandika kitanda mpaka saratani ikaota.

Najua dawa hizi hazipo kila kituo, na bei ni mzigo. Lakini ulizeni. Kitu kisichoulizwa hakiagizwi.

Yule mama wa kanga tulikutana sokoni mwaka juzi, anauza machungwa. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya fungu lake. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Na sasa wakija wenye damu unawaambiaje?" Nikamwambia sasa ninawauliza siku ngapi, pedi ngapi, kizunguzungu kipo, nawapima wingi wa damu, tunajaribu dawa, na wakisema hawataki tena, navitoa siku hiyo hiyo. Akanichagulia machungwa mawili, hakupokea hela.

Mashine ya presha iko kwenye ile meza ya kijani. Mwenye kadi ya kliniki aje nayo, mwenye dawa yoyote anayomeza aje na pakiti yake. Maswali naanzia huku kwa mabinti, halafu akina baba.